Jezi Zinapofanana: Sheria, Desturi na Uvumi

Katika mazungumzo ya leo twapenda kueleza jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo limekwisha leta ugomvi katika viwanja vingi. Jambo lenyewe ni rangi za mavazi ya mpira wa miguu. Kwa nini timu inayojulikana kwa rangi fulani huonekana siku nyingine imevaa rangi nyingine kabisa? Ni nani mwenye haki ya kuamua? Je, ni kweli kwamba jezi fulani ina mkosi, na nyingine ina bahati? Maswali haya huulizwa barazani, sokoni na shuleni, na majibu yake mara nyingi ni uvumi mtupu. Basi na tuyatazame moja moja.

Tuanze na kisa tulichokiona wenyewe. Katika mtaa wa Ilomba, kando ya barabara kuu iingiayo Mbeya kutoka Uyole, timu mbili za vijana zilikutana alasiri moja ya masika. Hatutazitaja majina, wala hakuna haja. Timu moja ilivaa kijani kilichokoza, na ya pili ilivaa buluu iliyokoza. Saa tisa za mchana, jua likiwaka, kila mtu aliona tofauti, na mchezo ukaanza bila neno. Lakini ninyi mkaao Nyanda za Juu mwajua hali ya hewa yetu. Haikufika saa kumi na moja, wingu likashuka kutoka mlima Loleza, mvua ikanyesha, na wachezaji wakapakaa tope toka shingoni hata miguuni. Zikiwa zimebaki dakika chache, mabao yakiwa sawa, kijana mmoja wa ulinzi aliinua kichwa, akamwona mtu mbele yake, akampa mpira kwa utaratibu kabisa. Kumbe alikuwa mtu wa upande wa pili. Yule akageuka, akapiga, bao.

Kelele zilizofuata hazikuwa za furaha tu. Watu wa timu iliyofungwa walimzunguka kijana wao wakamwita msaliti. Wengine walisema amepewa fedha, wengine wakasema amefumbwa macho kwa dawa. Alirudi nyumbani akisindikizwa na baba yake na wajomba wawili, maana walihofia atapigwa. Kwa miezi mingi hakugusa mpira. Aliyemwokoa na aibu hiyo ni mzee mmoja aliyepata kuwa refa. Siku moja jioni aliwaita viongozi wa timu, akatundika jezi mbili juu ya kamba ya kuanikia nguo, moja ya kijani na moja ya buluu, zote zimelowa na kupakwa tope. Akawapeleka mbali hatua thelathini, akawaambia, "Haya, niambieni ipi ni yenu." Walitazamana. Wawili walikosea, mmoja alikiri kwamba haoni tofauti. Mzee akasema, "Basi mnamhukumu mtoto kwa kosa la nguo."

Maneno hayo ndiyo msingi wa mazungumzo yetu. Rangi za jezi si mapambo tu. Ni njia ya mchezaji kumjua mwenzake, ya refa kutoa hukumu ya haki, na ya mtazamaji kujua kinachotendeka. Zikifanana, haki yapotea, na asiye na kosa huweza kubeba lawama.

SHERIA YASEMAJE

Mpira wa miguu una sheria 17, nazo hutunzwa na baraza la kimataifa lililoundwa mwaka 1886. Sheria ya 4 ndiyo inayohusu mavazi na vifaa vya wachezaji. Juu ya rangi yasema mambo machache, na ni vema kila kaptini ayajue kwa moyo.

Kwanza, timu mbili lazima zivae rangi zinazozitofautisha wao kwa wao, na tena zinazozitofautisha na mavazi ya refa na wasaidizi wake. Pili, kila golikipa lazima avae rangi inayomtofautisha na wachezaji wengine wote na waamuzi. Tatu, ikiwa magolikipa wawili wamevaa shati za rangi moja na hakuna aliye na shati nyingine, refa ataruhusu mchezo uendelee. Nne, nguo ya ndani yenye mikono ichomozayo chini ya jezi iwe ya rangi ya mkono wa jezi, na kaptura ya ndani ichomozayo iwe ya rangi ya kaptura ya nje. Tano, mchezaji akifunga utepe juu ya soksi, utepe huo uwe wa rangi ya ile sehemu ya soksi inayofunikwa.

Huenda mtu akauliza, mbona sheria hujishughulisha na mambo madogo kama mkono wa fulana ya ndani? Sababu yake ni hii. Refa haangalii sura za watu, hana nafasi. Akiona mkono umegusa mpira katikati ya kundi la watu sita, anautambua mkono kwa rangi yake. Wachezaji wawili wakigombania mpira chini, anaitambua miguu kwa rangi ya soksi. Ikiwa mlinzi mwenye jezi nyeupe amevaa fulana ya ndani nyekundu, na washambuliaji wamevaa nyekundu, mkono wa nani umegusa? Hapo ndipo magomvi yazaliwapo. Kwa hiyo wasemao kwamba jezi tu ndiyo yenye maana, na soksi si kitu, wanakosea.

Sasa sikilizeni neno moja ambalo wengi hawalijui. Sheria ya 4 haisemi ni timu ipi ibadilishe jezi. Haitaji mwenyeji wala mgeni. Jambo hilo limeachiwa kanuni za kila mashindano. Katika mashindano mengi, desturi ni mgeni kubadili, na mwenyeji kubaki na rangi zake. Lakini hiyo ni kanuni ya mashindano, si sheria ya mchezo wenyewe. Basi kiongozi wa timu asimame uwanjani akidai, "Sheria ya dunia yasema mgeni abadili," hali hajasoma kanuni za kombe analochezea, atakuwa anapiga kelele bure.

Vilevile si kweli kwamba mgeni hana budi kuvaa jezi ya ugenini kila asafiripo. Kama rangi zake hazifanani na za mwenyeji, aweza kuvaa zile zile za nyumbani. Tena si kweli kwamba rangi nyeusi ni ya refa peke yake. Zamani marefa walivaa nyeusi karibu pote duniani, na timu zikaikwepa. Lakini tangu miaka ya 1990 marefa huwa na mavazi ya rangi mbalimbali, na timu nyingi leo zina jezi nyeusi. Lililo lazima ni kwamba refa naye awe na rangi yake siku hiyo.

DESTURI HII ILIVYOANZA

Hapo kale timu hazikuwa na jezi mbili. Huko Uingereza, ligi ya kwanza ilipokuwa changa, wakubwa wake waliamua mwaka 1890 kwamba timu mbili zisiandikishe rangi zinazofanana. Waliona hilo litamaliza shida. Lakini timu zilivyoongezeka, rangi hazikutosha, maana rangi zionekanazo vizuri uwanjani ni chache. Basi ikaamuliwa kila timu iwe na jezi za pili za rangi nyingine.

Hapa pana jambo la kufurahisha. Mwanzoni, rangi zilipofanana, aliyetakiwa kubadili alikuwa mwenyeji. Twaona hekima yake: mwenyeji yuko kwake, sanduku lake la nguo liko karibu, na mgeni ametoka mbali na mzigo wake. Sisi Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapo mwenyeji alimpokea mgeni kwa kumwachia rangi yake. Lakini mwaka 1921 kanuni iligeuzwa, na tangu hapo mgeni ndiye aliyetakiwa kubadili. Ndiyo desturi iliyoenea duniani hata leo.

Magolikipa nao zamani walivaa sawa na wenzao. Refa alipata taabu kujua ni nani aliyeushika mpira kwa mikono kwa halali. Mwaka 1909 ikaamriwa huko Uingereza kwamba golikipa avae rangi ya peke yake. Namba za mgongoni zilikuja baadaye. Zilijaribiwa katika ligi ya Uingereza mwaka 1928, na mwaka 1939 zikawa lazima. Kwa hiyo mambo tunayoyaona leo kama yamekuwako tangu dunia kuumbwa, yaliletwa moja moja, na kila moja lilikuja kwa sababu ya ugomvi fulani.

MATAIFA YALIYOAZIMA JEZI

Watu wa vijijini hufikiri kwamba kukosa jezi ya pili ni aibu ya maskini. Sivyo. Mataifa makubwa yamepatwa na jambo hilo mbele ya macho ya dunia nzima.

Mwaka 1934, katika Kombe la Dunia lililochezwa Italia, Ujerumani na Austria zilikutana mjini Napoli kugombania nafasi ya tatu. Wote walikuwa watu wa jezi nyeupe. Austria ikacheza kwa jezi za buluu za timu ya mji ule. Mwaka 1950, huko Porto Alegre nchini Brazil, Mexico na Uswisi zote zilikuwa na nyekundu. Mexico ikavaa jezi za Cruzeiro, klabu ya mji huo huo. Mwaka 1958, huko Sweden, Argentina ilikutana na Ujerumani Magharibi, nayo ikaazima jezi za manjano za klabu ya Malmö.

Kisa kijulikanacho zaidi ni cha tarehe 10 Juni 1978, katika mji wa Mar del Plata nchini Argentina. Ufaransa, ambayo rangi yake ni buluu, ilikuja na nyeupe. Hungaria, ambayo rangi yake ni nyekundu, nayo ikaja na nyeupe. Siku zile televisheni nyingi zilionyesha picha zisizo na rangi, nyeusi na nyeupe tu, na wakubwa wa mashindano walitaka timu moja ivae rangi nyepesi na ya pili rangi nzito. Lakini maagizo hayakueleweka sawasawa, na kila upande ukadhani ndio uliotakiwa kuvaa nyeupe. Mchezo ukachelewa. Ikabidi zitafutwe jezi za klabu ndogo ya mji huo, iitwayo Kimberley, zenye mistari ya kijani na nyeupe. Wafaransa wakazivaa, wakashinda mabao 3 kwa 1.

Funzo ni nini? La kwanza, kuazima si aibu. La pili, shida yote ilitokana na watu kutopatana mapema. Fundi mzuri hupima kabla ya kukata.

UVUMI WA MKOSI NA BAHATI

Sasa tuje kwenye jambo linalosumbua mioyo ya wengi, nalo ni mkosi. Tumesikia wachezaji wakisema, "Jezi hii tumefungwa nayo mara tatu, tusiivae tena." Tumesikia pia timu ikikataa kubadili rangi, si kwa sababu ya kanuni, ila kwa sababu imeambiwa na mtu kwamba ushindi wake umefungwa katika rangi fulani. Twataka kulitazama neno hili kwa mifano iliyo wazi.

Brazil zamani ilivaa nyeupe. Tarehe 16 Julai 1950, nyumbani kwake Rio de Janeiro, ilifungwa na Uruguay mabao 2 kwa 1 katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia. Nchi ikalia. Watu wakailaumu jezi. Yakafanywa mashindano ya kubuni jezi mpya, na kijana mmoja, Aldyr Garcia Schlee, akashinda kwa jezi ya manjano yenye ukingo wa kijani. Hiyo ndiyo ijulikanayo dunia nzima leo.

Hata mwaka 1958 Brazil ikafika tena mchezo wa mwisho, huko Sweden. Sweden nayo huvaa manjano. Kura ikapigwa, na Sweden ikabaki na manjano yake. Wachezaji wa Brazil wakaingiwa na hofu, maana wangeiacha jezi yao siku kubwa kuliko zote. Zikanunuliwa jezi za buluu mjini, na nembo zikashonwa juu yake. Kiongozi wa msafara, Paulo Machado de Carvalho, akawaambia wachezaji kwamba buluu ni rangi ya joho la Bikira Maria wa Aparecida, anayeheshimiwa sana na Wakatoliki wa nchi yao. Mioyo ikatulia. Tarehe 29 Juni 1958 Brazil ikashinda mabao 5 kwa 2.

Tazameni basi. Kama nyeupe ilikuwa na mkosi na manjano ndiyo bahati, mbona kombe la kwanza la Brazil lilikuja kwa buluu? Na Uingereza mwaka 1966, ingawa ilicheza nyumbani London, ilivaa nyekundu, jezi yake ya pili, ikaifunga Ujerumani Magharibi 4 kwa 2 ikatwaa kombe. Rangi haikufunga hata bao moja. Lililofanya kazi kwa Brazil ni miguu ya wachezaji wake, na yule kiongozi aliyejua kuondoa hofu kwa maneno mazuri. Hofu ndiyo mkosi wenyewe.

Lakini tusiende mbali mno tukasema rangi haina kazi yoyote. Tarehe 13 Aprili 1996, Manchester United walicheza ugenini na Southampton wakiwa na jezi za kijivu. Kufika mapumziko walikuwa wamekwisha fungwa 3 kwa 0. Wakabadili wakavaa buluu na nyeupe, na mchezo ukaisha 3 kwa 1. Mwalimu wao, Alex Ferguson, alieleza kwamba wachezaji hawakuweza kuonana vizuri, maana kijivu kilichanganyika na watazamaji waliokaa nyuma. Wengi walicheka, wakasema ni kisingizio. Inawezekana. Lakini neno la kwamba rangi yaweza kupotea machoni si la kucheka, kama tulivyoona Ilomba.

Wako pia wasemao kwamba nyekundu hushinda. Wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Durham, Russell Hill na Robert Barton, waliandika mwaka 2005 kwamba katika michezo ya kupigana ya Olimpiki ya mwaka 2004, ambako nguo nyekundu na buluu hugawiwa kwa kura, waliovaa nyekundu walishinda mara nyingi kidogo zaidi. Habari hiyo ikaenea pote. Lakini uchunguzi mpana uliofuata, uliokusanya mapambano mengi ya miaka 1996 hadi 2020, uliona kwamba kwa jumla wenye nyekundu na wenye buluu walishinda karibu sawa kwa sawa. Basi asiye na nyekundu asikate tamaa.

NYEKUNDU NA KIJANI KWETU

Katika nchi yetu hatuwezi kuzungumza juu ya rangi tukaziacha Yanga na Simba, klabu mbili za Dar es Salaam zenye wapenzi kila kijiji, hata huku Mbeya na Iringa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na rangi zake ni kijani na manjano. Simba ilianzishwa mwaka 1936. Kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, jina la klabu ya Kiingereza yenye nyekundu na nyeupe, ikachukua jina la Simba mwaka 1971. Rangi zake ni nyekundu na nyeupe, ndiyo maana huitwa Wekundu wa Msimbazi.

Upinzani wa klabu hizi umefanya rangi kuwa kama mwiko. Mpenzi wa Yanga hununua baiskeli, akikuta ni nyekundu, husita. Mwaka 2012 jambo hili lilifika hata kwenye udhamini wa ligi. Mdhamini, kampuni ya simu ya Vodacom, alikuwa na nembo nyekundu, na Yanga ikakataa kuivaa nembo hiyo kifuani kwa rangi ile. Hapakuwa na sheria ya mchezo iliyokataza nembo nyekundu juu ya jezi ya manjano. Ilikuwa ni desturi na moyo wa klabu. Hatulaumu, kila nyumba ina miiko yake. Ila twataka msomaji apambanue mambo mawili: sheria, ambayo yawafunga wote, na mwiko, ambao wamfunga aliyejiwekea.

Huku kwetu, Mbeya City, klabu iliyoanzishwa mwaka 2011, ilichagua zambarau na nyeupe. Ilipanda ligi kuu, na katika msimu wake wa kwanza, wa mwaka 2013 na 2014, ikashika nafasi ya tatu. Uwanja wa Sokoine ulijaa zambarau. Kuchagua rangi isiyo ya wengi kuna faida: huonekani kama mtu mwingine, na haja ya kubadili huwa chache.

JICHO LIONAVYO

Ili tujue rangi zipi zafaa, yatupasa kujua kidogo jinsi jicho linavyofanya kazi. Ndani ya jicho mna sehemu za namna mbili zipokeazo nuru. Za kwanza hutambua rangi, lakini zataka mwanga mwingi. Za pili huona hata katika mwanga mdogo, lakini hazipambanui rangi. Zajua tu kipi ni cheupe na kipi ni cheusi. Jua linapozama, zile za kwanza huchoka na za pili hushika kazi. Ndiyo maana magharibi nyekundu huonekana kama nyeusi, na kijani kilichokoza na buluu iliyokoza hufanana. Tena pembe za jicho hazioni rangi vizuri kama katikati, na mchezaji aliye katika kukimbia humwona mwenzake mara nyingi kwa pembe ya jicho.

Pia wako watu ambao tangu kuzaliwa hawapambanui nyekundu na kijani. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mwanamume 1 katika 12 yuko hivyo, na wanawake ni wachache sana. Katika Waafrika ni wachache zaidi kuliko hao, lakini wako. Kombe la Dunia la mwaka 2018 lilifunguliwa kwa mchezo wa Urusi yenye nyekundu na Saudi Arabia yenye kijani, na watazamaji wa namna hiyo walilalamika kwamba hawakujua nani ni nani. Mtoto wa hivi akiwa katika timu yako, utamwona anakosea pasi, utamwita mzembe. Kumbe macho yake yamempa habari nyingine.

Basi kanuni ya hekima ni hii: usitazame jina la rangi, tazama uzito wake. Timu moja ivae rangi nyepesi, kama nyeupe au manjano. Ya pili ivae rangi nzito, kama buluu iliyokoza, nyekundu au nyeusi. Hapo hata wingu lishuke, hata jua lizame, tofauti itabaki.

MASHAURI KWA TIMU ZA VIJIJI NA SHULE

Twajua kwamba seti mbili za jezi ni gharama, na timu nyingi hata seti moja zimeipata kwa mchango wa wazazi. Kwa hiyo twatoa mashauri yasiyohitaji fedha nyingi.

La kwanza, viongozi wapelekeane habari siku mbili au tatu kabla ya mchezo, kila mmoja ataje rangi ya jezi, kaptura, soksi na shati ya golikipa. Klabu za ligi kuu huandikisha rangi zao kabla ya msimu, nasi twaweza kufanya hivyo kwa karatasi moja tu.

La pili, kamati ya kombe iandike mapema nani atabadili rangi zikifanana. Mgeni au mwenyeji, yote mawili yafaa, mradi yameandikwa. Yasipoandikwa, refa arushe shilingi mbele ya makaptini.

La tatu, mwenyeji awe na vizibao kumi vya rangi nyepesi, hata vikishonwa na fundi wa mtaani kwa kitambaa cha bei ndogo. Vikivaliwa juu ya jezi, shida imekwisha. Visipatikane, shule ya jirani iombwe jezi kwa adabu, na zirudishwe zimefuliwa.

La nne, msitundike hukumu juu ya macho ya mchana. Kabla ya mchezo, refa asimamishe mchezaji mmoja wa kila upande mbali hatua thelathini, awatazame huku amefinya macho kidogo. Akiona wanakaribia kufanana, wabadili. Wakati wa masika afikirie na tope, maana nyeupe ikilowa tope si nyeupe tena.

La tano, na kubwa kuliko yote: kosa likitokea, ulizeni sababu kabla ya kumtaja mtu kuwa msaliti au mchawi. Neno likitoka kinywani halirudi.

Yule kijana wa Ilomba alirudi uwanjani. Mzee yule alikwenda nyumbani kwao mwenyewe, pamoja na viongozi wawili waliomtukana, wakamwomba radhi mbele ya baba yake. Msimu uliofuata timu ile ilicheza na vizibao vya manjano vilivyoshonwa na mama yake kwa cherehani yake. Hatusemi kwamba walitwaa kombe, maana hawakulitwaa. Lakini hakuna tena aliyempa adui mpira akidhani ni ndugu, na jioni watu walirudi makwao wakibishana juu ya mchezo, wala si juu ya mtoto wa mtu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo leo. Mwenye kuyasoma na amsomee asiyejua kusoma, na mwanafunzi ayapeleke kwa mwalimu wake wa michezo. Kwaherini.